Shajara ya mradi: utando unaong'aa wa kupimia maziwa, Tengeru, Arusha

14 Januari

Leo mimi na mwenzangu tumeandika ubaoni tunachokitafuta, kwa sentensi moja: kipande cha utando wa polima juu ya ukanda mwembamba wa plastiki, ambacho mpokea maziwa atakidondoshea tone, akimulike kwa tochi, na rangi imwambie kama maziwa yameanza kuchachuka. Kila tutakachofanya miezi hii kitapimwa kwa sentensi hiyo.

Aliyewahi kusimama alfajiri kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huku miteremko ya Meru hahitaji kuelezwa sababu. Madumu yanafika kwa bodaboda, kwa baiskeli, mengine kichwani. Mpokeaji ana laktomita ya kumwonyesha kama maji yameongezwa. Ana pia kipimo cha pombe: maziwa kidogo na pombe ya asilimia 68 hadi 70 kwa kiasi sawa, yanatikiswa, yakikatika mabonge yanarudishwa. Ni kipimo kizuri na cha haraka, lakini kinajibu ndiyo au hapana tu, na ile hapana haina maelezo. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, hukatika kwenye pombe. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hukatika pia, hata kama hayana uchachu wowote. Mkulima anarudi na dumu lake bila kujua kama shida ni usafi wa chombo, ni mwendo mrefu juani, au ni ng'ombe anayehitaji daktari.

Maziwa ya ng'ombe mwenye afya yana pH, yaani namba ya uchachu ambayo hushuka uchachu ukizidi, kati ya 6.6 na 6.8. Bakteria wakishaanza kula sukari ya maziwa hutoa asidi ya laktiki, na pH inashuka. Ikifika 4.6 kesini, protini kuu ya maziwa, yote imeganda, na huo ni mtindi ambao kila mtu anautambua kwa macho na pua. Sisi tunaitaka ile safari fupi ya mwanzo, kutoka 6.7 kwenda 6.3 hivi, wakati maziwa bado ni meupe, bado yananyweka, lakini hayatafika kiwandani salama. Karatasi ya litmasi haifai hapo, kwa sababu inageuka polepole kati ya pH 5 na 8, kwa hiyo maziwa mazuri na yaliyoanza kuharibika yote yanaipa zambarau ileile. Mita ya pH ingefaa, ila kioo chake kinashika mafuta na protini, na kisiposuguliwa na kusahihishwa kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana na isiyoyumba) kila siku kinaanza kutoa namba za uongo.

20 Januari

Rangi tumeshaichagua: floresini. Mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1871 na mpaka leo ni vigumu kupata inayoishinda. Waliowahi kupimwa jicho hospitalini wanaijua bila kujua jina lake, ni ile rangi ya chungwa inayoguswa kwenye jicho, kisha daktari anamulika mwanga wa buluu na mkwaruzo unaonekana kijani.

Kinachotuvuta kwake si ung'aavu peke yake. Molekuli ya floresini hubeba hidrojeni inayoweza kuachiwa au kushikwa kufuatana na uchachu wa mazingira. Ikiiachia, inameza mwanga wa buluu wa karibu nanomita 490 na kurudisha zaidi ya tisa ya kumi ya mwanga huo kama kijani. Ikiishika, urejeshaji unashuka hadi karibu theluthi, na umezaji wenyewe wa buluu unapungua pia. Mahali pa nusu kwa nusu, yaani pKa, ni pH 6.4. Ni ndani ya safari yetu fupi!

Nimepiga hesabu. Kwenye pH 6.7, molekuli zilizoachia hidrojeni ni kama theluthi mbili ya zote. Kwenye 6.3 ni asilimia 44. Upungufu huo chombo cha maabara kinauona bila shida. Jicho la binadamu ni habari nyingine, na tutalifikia.

Mwenzangu, ambaye ni mtu wa Kibosho, aliuliza kama utando huohuo ungeweza kufuatilia mbege, pombe ya ndizi ya kwao Kilimanjaro, inavyochacha. Hapana, mbege inakwenda chini mno ya 6.4 na floresini ingekuwa karibu imezimika siku nzima. Kwa mbege ingefaa ndugu yake aliyeongezwa atomi mbili za florini, ambaye pKa yake ni karibu 4.7. Nimeliandika pembeni, ni mradi wa mtu mwingine, na ni mradi mzuri.

2 Februari

Polima yetu ni kitosani, na tumeamua kuitengeneza wenyewe kutokana na maganda ya kamba wa baharini. Gunia limefika kwa basi kutoka pwani. Maganda yamekaushwa vizuri, lakini harufu yake imejaza jengo zima na majirani wa chumba cha pili wamehama na vitabu vyao.

Kazi ina hatua tatu. Asidi ya hidrokloriki nyepesi inaondoa chokaa, na hapo povu linapanda kwa nguvu kwa sababu ya kabonidayoksaidi. Soda kali (hidroksidi ya sodiamu) iliyopunguzwa inaondoa protini. Kinachobaki ni kaitini, nyepesi kama maganda ya kitunguu, isiyoyeyuka kwenye chochote tulicho nacho. Halafu soda kali nzito sana, ya moto, inaikata vile vikundi vya asetili na kuacha vikundi vya amini waziwazi. Kuanzia hapo inaitwa kitosani, na inayeyuka kwenye asidi ya siki iliyopunguzwa. Hatua ya soda nzito ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Miwani na glovu hazivuliwi, na mlango haufunguliwi kwa mgeni.

Amini hizo ndizo tulizozitaka. Ndiyo mikono ambayo floresini itashikwa nayo.

11 Februari

Tumetengeneza tando mbili makusudi ili tuzilinganishe. Ya kwanza, floresini imechanganywa tu ndani ya kitosani. Ya pili, tumetumia floresini yenye mkia wa isothiosayanati, ambao hujifunga kwenye amini kwa kifungo cha kudumu. Mmenyuko huu tunaufanya kwenye kitosani iliyoyeyushwa kwenye siki nyepesi na methanoli, gizani, usiku kucha, kwa sababu kwenye asidi amini nyingi zimeshashika hidrojeni na zinachelewa kuipokea rangi.

Asubuhi tunaongeza soda kali kidogo kidogo, kitosani inajitenga kama mabonge ya njano, na hapo kuosha kunaanza. Kuosha ndiko kunakochosha. Unamwaga maji safi, unakoroga, unaacha yatue, unamulika maji ya juu kwa tochi ya buluu. Yaking'aa kijani, kuna floresini ambayo haijafungwa. Unamwaga, unaosha tena. Mwenzangu alitaka kuacha maji yalipokuwa na kivuli tu cha kijani. Nikamwomba tuendelee mpaka maji yawe meusi kabisa chini ya tochi, kwa sababu kivuli hicho ndicho kitakachoingia kwenye tone la maziwa.

Matokeo yalionekana ndani ya dakika chache. Utando wa kwanza ulivuja, tone la maziwa likaanza kung'aa lenyewe na utando ukafifia, kana kwamba maziwa yamechachuka ilhali ni mabichi kabisa. Wa pili haukutoa kitu. Utando wa kuchanganya tu hatutaugusa tena.

Jambo jingine la kukumbuka: floresini nyingi haimaanishi mng'ao mwingi. Zikibanana, molekuli zinapokonyana nishati na mwanga unapotea njiani. Utando wetu wenye rangi nyingi kuliko yote ulionekana mzuri sana mchana, chungwa iliyokolea, lakini gizani ulikuwa hafifu kuliko ule wa njano ya kupauka.

19 Februari

Namna tunavyomimina. Kioo cha dirisha, kimesuguliwa kwa spiriti, kimelazwa juu ya meza iliyopimwa kwa pimamaji. Kitosani nzito kama uji mwepesi inamiminwa katikati na kusambazwa kwa fimbo ya kioo iliyozungushiwa waya kwenye ncha zote mbili. Unene wa waya ndio unene wa tabaka. Inaachwa ikauke chini ya boksi, vumbi lisiingie. Kesho yake inapitishiwa soda nyepesi ili isiyeyuke tena, halafu unaingiza wembe kwenye kona na kuvuta taratibu. Ukiwa na bahati unainuka mzima kama utando wa juu wa maziwa yaliyochemka. Usipokuwa nayo unachanika katikati.

Ili usivimbe na kulainika kwenye maziwa yaliyochachuka, tunaushikamanisha kwa glutaraldehidi kidogo sana. Kidogo sana nasema kwa sababu mbili. Ikizidi, utando unageuka manjano na kupata mng'ao wake wenyewe usiojali pH. Na ni sumu. Kwa hiyo hili limeandikwa kwa wino mwekundu: ukanda hautumbukizwi kwenye dumu hata siku moja. Tone linakuja kwenye ukanda, na ukanda na tone vyote vinatupwa.

27 Februari

Leo tumekwenda kituoni. Tulibeba kanda zilizopata alama nzuri maabara na kisanduku cheusi chenye tundu la kuchungulia. Mama anayepokea maziwa pale anaijua kazi yake kuliko kitabu chochote. Ananusa kifuniko cha dumu kabla hajasalimia, na pua yake haikosei mara nyingi.

Tulimpa kanda mbili, moja ya maziwa ya asubuhi hiyo, nyingine ya maziwa yaliyolala. Akachungulia, akatoka, akachungulia tena.

"Mwanangu, hii inang'aa na hii inang'aa. Sasa nimwambie baba wa watu maziwa yake ni mabaya kwa sababu hii inang'aa kidogo?"

"Hii ya kushoto imefifia, mama."

"Imefifia kwako uliyeitengeneza. Tochi ikiishiwa betri je? Mimi nijue rangi. Ya maziwa mazuri ni ipi, ya maziwa mabaya ni ipi."

Njiani kurudi hatukuzungumza sana. Ana haki kabisa. Kiasi cha mwanga kinategemea betri ya tochi, umbali wa mkono, unene wa utando, na hata macho yalitoka wapi kabla ya kuchungulia. Rangi haitegemei hayo. Mtu hawezi kukumbuka jana taa ilikuwa na nguvu kiasi gani, lakini anakumbuka kwamba ilikuwa kijani au chungwa. Kazi ya wiki zijazo ni kugeuza kufifia kuwa kubadilika rangi.

6 Machi

Tumeongeza rangi ya pili inayong'aa, rodamini B. Inatoa mwanga wa chungwa unaoelekea nyekundu, na kati ya pH 5 na 8 haijali uchachu. Wazo ni rahisi: nyekundu inasimama palepale, kijani inapanda na kushuka, na jicho linapokea mchanganyiko wake. Maziwa mazuri yatoe kijani cha kuelekea njano, yaliyochachuka yatoe chungwa.

Tulizifunga rangi zote mbili kwenye kitosani moja. Hapo tukakutana na jambo ambalo mwanasayansi Mjerumani Theodor Förster alilieleza miaka ya 1940. Mwanga ambao floresini inautoa ni mwanga uleule ambao rodamini inaupenda kuumeza. Molekuli mbili zikiwa karibu, umbali wa nanomita chache, floresini haitoi mwanga kabisa. Inaipasia rodamini nishati moja kwa moja. Kwa hiyo uchachu ulipoizima floresini, na rodamini iliyokuwa ikiishi kwa kupasiwa ilififia pamoja nayo. Rangi zote zilishuka kwa pamoja na mchanganyiko haukubadilika vya kutosha. Tukawa tumerudi kwenye kufifia.

Dawa yake iko ndani ya sheria yenyewe. Kupasiana huko kunapungua kwa umbali uliopigwa kipeo cha sita. Ongeza umbali mara mbili, unabakiwa na sehemu moja kati ya 64. Hakuna haja ya kemia mpya, inatosha kuzitenga. Tabaka la chini liwe na rodamini, la juu liwe na floresini, na kila rangi ikae kwa jirani zake.

15 Machi

Matabaka mawili yanafanya kazi. Kwenye bafa ya 6.8 kipande ni kijani cha ndimu. Kwenye 6.3 ni chungwa. Mwenzangu alizichanganya kanda mgongoni mwangu na nikazipanga sawasawa kwa macho tu, tochi ikiwa na betri mpya na kisha na betri iliyochoka. Tochi ni ya buluu, na tundu la kuchungulia limefunikwa kwa karatasi ya njano ya kufungia zawadi ili buluu ya tochi yenyewe isifike jichoni. Ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, inayouzwa kila kona mjini, tuliijaribu kwa sababu ni rahisi kupatikana. Inaonyesha kitu, lakini floresini inameza zambarau kidogo tu, na rangi zinatoka hafifu.

Masika yameanza. Umeme unakatika mchana, kwa hiyo kumimina kumehamia usiku.

23 Machi

Bafa ni kitu kimoja, maziwa ni kingine. Kwenye maziwa mabichi kabisa na kwenye maziwa yaliyolala, vipande vyote vilivutwa upande wa kijani.

Sababu imo ndani ya maziwa yenyewe: riboflavini, yaani vitamini B2. Ndiyo inayoyapa maji ya mtindi ule ukijani-njano, na chini ya mwanga wa buluu inang'aa karibu na mahali palepale inapong'aa floresini yetu. Tone la maziwa linaongeza kijani chake juu ya chetu. Na mafuta ya maziwa yanautawanya mwanga kila upande, kwa hiyo kijani hicho hakikai mahali pamoja.

Tukasema basi, baada ya dakika mbili tone lisuuzwe. Tukasuuza kwa maji ya bomba. Vipande vyote vikawa kijani kibichi, mpaka vile vya mtindi!

Wakazi wa huku wanayajua maji haya. Mlima Meru ni wa volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanakuja na sodiamu, bikaboneti na floridi. Floridi ndiyo inayotajwa sana kwa sababu ya meno ya kahawia na mifupa ya watoto. Maeneo mengi yanavuka mpaka wa Shirika la Afya Duniani wa miligramu 1.5 kwa lita, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoiondoa kwa mkaa wa mifupa. Lakini kwa utando wetu mhusika ni bikaboneti. Inaisukuma pH juu ya 7 na kuishikilia hapo, na utando unaacha kusema habari za maziwa, unasema habari za maji. Maji yaliyochujwa chumvi yangeweza kutumika maabara. Kituoni hayapo, na sitatengeneza kipimo kinachomlazimu mama yule kununua maji maalumu.

4 Aprili

Mkaa ndio uliotuokoa, ingawa si wa mifupa. Tumesaga mkaa wa kawaida mpaka ukawa unga laini kama poda, tukauchanganya na kitosani isiyo na rangi, tukaumimina kama tabaka la tatu juu ya floresini. Sasa mambo yamegeuzwa: tone la maziwa linadondoshwa upande mweusi, na tochi na jicho vinakaa upande wa plastiki angavu. Maji na asidi vinapenya kwenye vinyweleo vya tabaka la mkaa na kuifikia floresini. Mwanga haupenyi. Riboflavini inaweza kung'aa inavyotaka, hakuna anayeiona, na mafuta hayana cha kutawanya. Hakuna kusuuza.

Gharama yake ni muda. Bila mkaa rangi ilitulia haraka sana, sasa lazima kusubiri dakika kama mbili. Tabaka likiwa nene inakuwa zaidi. Nimekubali. Foleni ya kituoni inaweza kuvumilia dakika mbili kama mpokeaji anadondosha matone ya watu wanne kwa mpigo, na ndivyo anavyofanya na pombe.

18 Aprili

Hili ndilo lililonipa raha kuliko yote, na nitaliandika kwa urefu.

Tangu mwanzo kulikuwa na jambo linatusumbua. Floresini iliyo huru kwenye maji ina pKa ya 6.4. Ndani ya utando wetu, nusu kwa nusu ilikuwa ikitokea chini zaidi. Rangi iligeuka, lakini iligeuka kwa kuchelewa, maziwa yakiwa yameshaharibika waziwazi. Ukipiga hesabu kwa pKa ya 6.0, safari ya 6.7 hadi 6.3 inazitoa molekuli zilizoachia hidrojeni kutoka asilimia 83 hadi 67 tu. Unapoteza karibu robo ya mabadiliko uliyoyategemea.

Chanzo ni polima. Kitosani yenyewe inashika hidrojeni kwenye uchachu uleule tunaoupima, na kila amini inayofanya hivyo inabeba chaji chanya. Floresini iliyoachia hidrojeni ina chaji hasi. Ikizungukwa na chanya, inastarehe kubaki hivyo ilivyo, na inahitaji asidi kali zaidi kuilazimisha ibadilike. Ni rangi ileile aliyoitengeneza Baeyer, lakini majirani wameibadilishia tabia.

Basi tubadilishe majirani. Njia ya kwanza tuliyoijaribu ni kuzifunika baadhi ya amini kwa anhidridi ya asetiki, yaani kuirudisha kitosani hatua moja kuelekea kaitini. Chaji zilipungua, pKa ikapanda, lakini utando ukawa mkavu na mvunjifu. Njia ya pili ilikuja kwa mwenzangu, aliyewahi kufanya kazi Zanzibar: mwani. Mwani unaolimwa ufukweni kule unatoa karajinani, polima ndefu iliyojaa vikundi vya salfeti vyenye chaji hasi. Ukiichanganya kidogo na kitosani, hasi na chanya zinashikana na kuzimana.

Shida ni kwamba zikikutana ghafla zinashikana kwa pupa, unapata mabonge badala ya uji. Tumejifunza kuweka chumvi ya mezani kwanza ili kulegeza mvuto huo, kuingiza karajinani ya moto tone kwa tone huku kitosani ikizungushwa, na kuiosha chumvi baada ya utando kukauka. Mara ya kwanza ilipotoka laini, bila hata punje moja, tulisimama tu tukiitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Na inatii. Karajinani kidogo, pKa inapanda kidogo. Ikiongezwa, inapanda zaidi. Tunaweza kuisogeza mahali tunapotaka, bila kuigusa rangi yenyewe. Tumeisimamisha karibu na 6.5, na sasa chungwa inaanza kuonekana kabla pua ya kawaida haijanusa kitu.

30 Aprili

Fupi. Mwanga wa jua unaua floresini. Kanda zilizoachwa dirishani zilipauka na kusoma chungwa hata kwenye maziwa mazuri. Zitafungwa kwenye karatasi ya foili.

9 Mei

Joto. Maziwa yakitoka tu kwa ng'ombe yana joto la mwili, karibu nyuzi 38, na mkulima wa jirani anayafikisha yakiwa bado ya vuguvugu. Tone la vuguvugu lilisoma kijani zaidi ya lilipopoa. Floresini haina neno hapo, ni rodamini B. Mng'ao wake unashuka kwa karibu asilimia mbili kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na watafiti wengine wanaitumia kama kipimajoto kwa sababu hiyohiyo. Nyekundu tuliyoiweka isimame palepale haisimami.

Kwa sasa zile dakika mbili za kusubiri zinatusaidia, tone jembamba kwenye plastiki linapoa mpaka joto la hewa. Alfajiri ya Mei huku juu ni baridi kuliko mchana, kwa hiyo tofauti kidogo itabaki. Rodamini 101 haijali joto kwa kiasi hicho, na itachukua nafasi yake tukiipata yenye mkia wa kufungia.

24 Mei

Kituoni tena, na kisanduku, na kanda za matabaka matatu. Mama alidondosha mwenyewe, akasubiri, akachungulia. Safari hii hakurudia kuchungulia.

"Hii kijani. Hii kijani. Hii..." akanyamaza kidogo, "hii imegeuka. Ni ya nani?"

Ilikuwa ya dumu lililotoka mbali, kwa bodaboda iliyopata pancha njiani. Kwenye pombe lilipita, halikukatika. Akaamua yasichanganywe kwenye tangi, yakatengwa kwa ajili ya mtindi unaouzwa palepale, na mkulima akalipwa. Uamuzi huo ndio hasa niliokuwa nauota tangu Januari: maziwa hayajapotea, yamepelekwa mahali panapoyafaa.

Kulikuwa na ukanda mmoja uliotoka kijani kibichi mno, zaidi ya kijani cha maziwa mazuri. Ng'ombe akiwa na ugonjwa wa kiwele, chumvi na bikaboneti za damu hupenya kwenye maziwa, na pH hupanda kuelekea 7 au kuipita. Mama alimwuliza mwenye dumu kama chuchu mojawapo ina joto au imevimba. Akasema moja ni ngumu tangu juzi. Akaelekezwa kwa daktari wa mifugo.

Lakini kijani kama hicho kinaweza kutoka pia kwa mtu aliyetia magadi kufunika uchachu, magadi yaleyale ya kulainishia maharage. Na akiyatia kwa kipimo kinachoirudisha pH kwenye 6.7 kamili, utando wetu utasema maziwa ni mazuri, kwa sababu unapima pH tu, hauhesabu bakteria. Hili nimemweleza mama bila kuficha, na tumekubaliana kanuni moja: ukanda haurudishi maziwa peke yake. Ukibadilika rangi, pombe inafuata, pua inafuata, na swali kwa mkulima linafuata.

7 Juni

Mama ameomba picha ya rangi ya kubandika ukutani, kijani hapa, chungwa hapa, ili binti anayemsaidia asibahatishe. Tumechapisha kadi, tumeiweka kando ya kisanduku, na haifanani kabisa. Wino unarudisha mwanga wa chumba, utando unatoa mwanga wake wenyewe gizani, na jicho haliwezi kuvilinganisha.

Kwa hiyo rejea zitakuwa utando uleule. Tumekata vipande viwili kutoka bamba moja na kanda za kundi hilo, tukavilowanisha kimoja kwenye bafa ya 6.7 na kingine kwenye 6.3, tukavifunga kwa plastiki isiyopitisha hewa na kuvibandika ndani ya kisanduku, kushoto na kulia kwa nafasi ya ukanda. Mpokeaji anaangalia katikati na kuuliza inafanana na upande gani. Vipande hivyo navyo vitapauka kwa tochi ya kila asubuhi, kwa hiyo kila kundi jipya la kanda litakuja na viwili vyake, na vya zamani vitang'olewa.